Fundi wa Miwani Aliyeogopa Ziwa

Ukiingia dukani kwake ukasema, "Fundi, nataka miwani," ulikuwa umeshaharibu. Angekutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, angevuta kigoda chake karibu, halafu angeuliza, "Miwani ya kufanyia nini?" Na ukijibu "ya kuonea," ndiyo umekwisha kabisa. "Hata mbuzi wangu anaona," angekwambia, "na hajawahi kuja hapa."

Nami nilijibu hivyo hivyo siku yangu ya kwanza, na nikaambiwa habari za mbuzi mbele ya wateja wanne. Nilitaka kuondoka. Sikuondoka kwa sababu nilikuwa nimetoka Kirando alfajiri, nimepanda mteremko mzima hadi kwenye baridi ya Sumbawanga bila koti, na sikuwa na pa kwenda kwingine.

Jina lake nalijua, lakini yeye mwenyewe hakulipenda. Alisema jina ni la kanisani na benki, dukani yeye ni Fundi. Duka lilikuwa chumba kimoja jirani na soko, mlango wa bluu, dirisha moja linaloingiza vumbi la Juni. Siku hizi yuko Mpui analima ulezi, na dukani yupo mtu mwingine, mpole, anayeuza haraka. Watu bado wanasema "nenda kwa Fundi", wakifika wanakuta hakuna wa kuwagombeza, wanarudi nusu wamefurahi na nusu wameudhika.

Niseme kilichonipeleka, maana bila hicho hutaelewa kwa nini nilivumilia ukorofi wake. Mimi ni mvuvi wa mshipi. Wenzetu wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa. Sisi ni watu wa jua. Tunamtafuta kuhe, samaki mkubwa anayekaa kwenye mchanga katikati ya mawe, na maji ya Tanganyika ni safi kiasi kwamba mwenye macho anamwona kabla hajatupa ndoano. Huyo mwenye macho anasimama mbele kabisa ya mtumbwi. Akinyoosha mkono kushoto, anayeshika mashine huko nyuma anakata kushoto. Akinyoosha kulia, kulia. Hakuna kuulizana, maana mawe hayasubiri maswali. Kwetu kazi ya mbele ilikuwa ya baba, ikawa yangu. Mashine anashika mdogo wangu.

Nilipovuka miaka arobaini na kitu, maji yakaanza kunificha. Ya mbali yalikuwa ukungu, ya karibu nayo yakaanza kukataa, na jua likipiga juu ya ziwa nilikuwa naona mng'aro mtupu, kama bati jipya la nyumba. Nilinyamaza. Nani atasema? Nikawa nanyoosha mkono kwa kumbukumbu. Siku moja nikanyoosha kulia, mdogo wangu akafuata, tukapanda jiwe. Ubao ulipasuka, tukarudi nchi kavu kwa kupiga makasia na kumwomba Mungu. Mdogo wangu hakunitukana, na hilo ndilo liliniuma. Alisema tu, "Kaka, kaa nyuma kidogo upumzike." Nikapewa kopo la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini. Kopo! Mimi! Mbele akasimama kibarua wa kukodi ambaye alikuwa hajui hata kuhe analalia wapi.

Basi nilichokifuata Sumbawanga ni nafasi yangu ile ya mbele. Uso wangu ulikuwa umeshachelewa kwa urembo.

Siku hiyo nilifika nimevaa miwani miwili. Haki ya Mungu, miwili. Ndani nilivaa miwani yangu ya zamani ya kuonea mbali, ambayo namba yake ilikuwa imeshapitwa. Juu yake miwani nyeusi niliyonunua kwa machinga wa stendi, nikidhani kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokata jua la majini. Fundi aliivua yote miwili usoni mwangu kwa mikono yake, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mdudu sikioni. Hakucheka. Wateja ndio walicheka.

Ile ya machinga akaiweka juu ya lenzi moja ya kwake na kuizungusha. Hakikutokea kitu. Akachukua lenzi mbili za kwake, akaziweka pamoja, akaizungusha moja, na ghafla katikati pakawa peusi tititi, huoni upande wa pili. "Hii inachuja mwanga unaolala juu ya maji," alisema. "Hiyo yako ni plastiki iliyopakwa rangi. Umejifunga kitambaa usoni ukaenda kutafuta samaki." Vijana wa mjini wanaziita polaraizi. Yeye aliziita za kuchuja, akachukia mtu akitaja lile jina lingine, ingawa yeye ndiye aliyewafundisha.

Halafu kulikuwa na beseni lake. Nje ya mlango, juani, aliweka beseni la maji lenye kokoto chini, na kila aliyetaka miwani ya kuchuja alipelekwa kusimama mbele ya lile beseni. Alisimama pembeni yako, akakuinamisha mpaka mng'aro wa jua ukupige machoni sawasawa, ndipo akakuwekea lenzi ya mfano. Mimi nilipowekewa nilipiga kelele barabarani. Maji yalikuwa yameondoka! Kokoto zilikaa pale kavu kabisa, na moja ilikuwa na mstari mwekundu. Nilizitaja zote, moja moja, nikahesabu mpaka akaniambia inatosha, sasa nyamaza, watu wanapita.

Nilikuja kumjua kwa miaka baada ya hapo, maana kila nikipanda Sumbawanga kuuza samaki wakavu nilipita kumsalimia na kukaa kwenye benchi la wateja. Nimeona mengi pale. Nimemwona akimkatalia mzee mmoja mwenye tai aliyetaka miwani isiyo na namba ili aonekane msomi kwenye harusi ya binti yake. "Siuzi heshima," alimwambia, "kaa wima tu, watakuheshimu." Nimemwona akitumia asubuhi nzima kwa bibi mmoja wa kijiji cha Kate aliyesema anataka ya kusomea kitabu cha sala. Fundi akamuuliza mpaka ikajulikana kwamba sala zote bibi anazijua kwa moyo. Kilichokuwa kinamkosesha raha ni mawe kwenye ulezi, asiyoyaona wakati wa kupeta, na wajukuu wanalalamika ugali unakwaruza meno. Akampimia umbali wa kutoka machoni hadi kwenye ungo, kwa kamba. Bibi akaondoka anacheka peke yake.

Na nimemwona dereva wa malori ya mpakani Kasesya akirudi amefura, anapiga meza. Kisa? Akiigeuza simu ubavu, kioo cha simu kinakuwa cheusi akiwa amevaa miwani mpya. "Umeniuzia kitu kibovu!" Fundi akamwachia apige meza mpaka achoke, kisha akasema, "Hiyo ndiyo alama kwamba sikukuibia." Akamweleza kwamba mwanga wa simu nao unachujwa kama wa maji, ageuze simu wima. Dereva akageuza. Akaona. Akaomba radhi, na Fundi akakataa radhi yake kwa sababu meza ilikuwa imeingia ufa.

Alikuwa mvumilivu kwa macho na hana subira kwa wenye macho. Angerudia kukupima mara kumi na moja bila kuchoka, lakini ukichelewa kujibu "hii au hii?" alikuwa anavuta pumzi kama ng'ombe. Miwani yake mwenyewe ilikuwa aibu: mkono mmoja umefungwa kwa uzi, lenzi zimekwaruzika. Nikimtania alisema daktari wa meno naye huwa na pengo. Alikuwa mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, na bado akikutana na mteja wake nje ya kanisa, kabla hata ya kumpa mkono, anamrekebishia fremu puani.

Na aliogopa maji. Mtu aliyejua mengi kuhusu mwanga juu ya ziwa kuliko mvuvi yeyote niliyemjua, tulipokutana alikuwa hajawahi kuligusa hilo ziwa. Nilimwalika tangu siku ile ya kwanza. "Nimeliona kutoka kwenye kona ya mteremko," alisema. "Ni kubwa. Nimeridhika." Samaki niliowaleta aliwapokea kwa adabu na kuwagawia majirani, kwa sababu aliogopa na miiba vilevile. Yeye mpe maharage na ugali wa ulezi, umemaliza.

Sasa nirudi kwenye miwani yangu, maana kuichagua kulichukua siku nzima na nusu ya ugomvi wetu ilizaliwa hapo.

Kwanza rangi. Mimi nilitaka ya kijivu kwa kuwa ilionekana ya kisasa. "Unavua kilindini au karibu na mawe?" Karibu na mawe, nikamwambia. "Basi ya kahawia. Ya kijivu mwachie mtu wa kilindini anayekaa kwenye jua kali, hana cha kutofautisha huko. Ya kahawia itakutengea jiwe na mchanga." Pili, kioo au plastiki. Nikasema kioo, maana kioo hakikwaruziki. Akaniuliza ile risasi ya kuzamisha mshipi ikikatika na kurudi usoni itapiga wapi. Tukachukua plastiki ngumu. Tatu, fremu. Hapo nilipigana. Nilitaka zile zilizopinda kufuata uso, wanazovaa bodaboda. "Namba yako kubwa," alisema. "Nikiipinda lenzi namna hiyo, ukitupa jicho pembeni utaona mawe yanacheza. Unataka mawe yacheze?" Sikutaka mawe yacheze. Akanipa fremu ya duara, kubwa, kama ya katekista wa zamani, na pembeni akashonea vipande vya ngozi vya kuziba jua linaloingia kwa ubavu, na uzi wa kuvaa shingoni. Nilijitazama kwenye kioo nikaona punda wa mkokoteni.

Nne ndipo kosa lilipoingia, na wote wawili tulilifungulia mlango. "Ndoano unafungaje, na karibu huoni?" Nikaona haya kusema kwamba namfungisha mdogo wangu. Nikasema napapasa. Akaguna. "Nitakuwekea lenzi ya sehemu mbili. Juu mbali, chini kidirisha kidogo cha karibu. Hutapapasa tena." Nikakubali upesi, kwa kiburi tu, nipate kuficha ile aibu ya ndoano.

Lenzi ziliagizwa Dar, zikachukua wiki kadhaa, nikazifuata. Siku ya kwanza nilipanda mtumbwi kifua mbele, nikamwambia yule kibarua ahame. Nikatazama mbali: milima ya Congo ile pale, safi, na maji yote yamevuliwa ule mng'aro. Nikatazama chini kwenye mawe: ukungu. Ukungu! Ukisimama mbele ya mtumbwi macho yanashuka, na yakishuka yanapita kwenye kile kidirisha cha kusomea. Nikainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua ili nitumie sehemu ya juu, nikapoteza mizani, mdogo wangu akanidaka shati. "Kaka," alisema, na hakumalizia. Nikarudi kwenye kopo.

Nilipanda Sumbawanga nikiwa nimewaka. Fundi aliigeuza miwani, akaipima, akaipima tena. "Miwani haina kosa," alisema. "Kosa ni shingo yako, utaizoea." Nikamwambia yeye hajui kitu, hajawahi kusimama hata kwenye dimbwi, anauzia watu ziwa lililomo ndani ya beseni. Nikamwambia, "Kama una hakika, njoo." Duka zima lilijua nimesema nini. Akawa anafuta lenzi zake kwa pindo la koti. Nikatoka na miwani yangu, nikaubamiza ule mlango wa bluu. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa tumaini langu la mwisho, na nilijua kwamba nikishakaa nyuma msimu mzima, mbele sirudi tena.

Wiki tatu zikapita. Alhamisi moja basi likasimama Kirando, akashuka mzee wa koti zito na viatu vilivyopigwa dawa, kwenye joto lile la ziwani, begi dogo la vifaa kifuani. Nilidhani naota.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba. Mtumbwi uko wapi? Nikikaa hapa nikafikiri, nitarudi."

Tulimvisha jaketi la kuokolea, akalivaa juu ya koti. Alikataa kukaa kwenye ubao, akakaa sakafuni kabisa, mikono imeng'ang'ania pande zote mbili, midomo inasali Salamu Maria. Mdogo wangu akawasha mashine taratibu. Tulipofika kwenye mawe ya karibu akafumbua macho, lakini maji hakuyatazama hata kidogo. Alinitazama mimi. Uso wangu, shingo yangu.

"Tafuta samaki," aliniambia. Nikatafuta, kidevu kifuani. "Sasa funga ndoano."

Nikachukua ndoano, nikaiinua juu ya uso kuielekeza mbinguni, kama tunavyofanya wote kwetu, maana tundu la ndoano linaonekana vizuri likiwa na anga nyuma yake. Nikaanza kupapasa.

"Rudia." Nikarudia. "Rudia tena."

Mara ya tatu akapiga goti lake ngumi. "Turudi mchangani," alisema.

Akatandika leso kwenye mchanga, akatoa bisibisi ndogo kama kijiti cha meno, akaifungua miwani yangu. Alifanya kazi bila kuinua kichwa, na hivyo hivyo, bila kuinua kichwa, akasema, "Nimekosea." Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. "Miaka yote nawauliza watu wanafanya kazi gani. Sijauliza kichwa kinakaa wapi wakiifanya. Watu wangu wote wanasoma wameinama. Ninyi mnatafuta chini na mnasoma juu."

Akaitoa lenzi ya kulia akaipeleka kushoto, ya kushoto akaipeleka kulia, na zote mbili akazigeuza kichwa chini. Macho yangu yote yana namba moja, na fremu ilikuwa duara, kwa hiyo zikaingia bila tatizo. Kidirisha cha karibu sasa kilikuwa juu, kwenye usawa wa nyusi. Chini pote pakawa pa mbali. Nikamuuliza kama bado zitachuja mng'aro. "Ningezilaza ubavu, zingekufa. Kichwa chini hazina neno." Akanivisha, akanipa ndoano. Nikaiinua angani. Tundu lile pale, pana kama pete! Nikapitisha uzi mara moja tu. Mdogo wangu alikuwa anatazama, na mimi sikuona haya tena.

"Wewe baki hapa, Fundi," nikamwambia. "Umemaliza kazi."

"Nibaki, nije niambiwe na nani kama zimekufaa?" Akarudi sakafuni mwa mtumbwi, akafumba macho.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye upenyo ambao tangu nipewe kopo hatukuupita. Ni njia nyembamba katikati ya mawe mawili yaliyo chini ya maji, na ng'ambo yake kuna mchanga mweupe anakozalia kuhe. Yule kibarua hakuwahi kuuthubutu. Nilisimama mbele. Nikatazama chini, na chini palikuwepo. Niliona jiwe la kulia lote, na manyoya yake ya kijani, na samaki wadogo wakilizunguka, na niliona kwamba tulikuwa tunaliendea.

Nikanyoosha mkono kushoto.

Mtumbwi haukukata. Nilisikia mashine inapunguzwa, na nilijua bila kugeuka kwamba mdogo wangu anaukumbuka ule ubao uliopasuka. Alikuwa na watoto watano na mtumbwi mmoja, simlaumu. Mkono wangu nikauacha pale pale, umenyooka. Jiwe likazidi kuja. Ningeweza kupiga kelele, lakini mbele hakupigwi kelele, mbele unanyoosha mkono tu.

Ndipo yule mzee, macho kayafumba, vidole vimekakamaa kwa kung'ang'ania ubao, akasema kwa sauti yake ile ya dukani, "Mfuate."

Mtumbwi ukakata kushoto. Jiwe likapita kuliani mwangu, karibu ningeligusa kwa kasia, kisha likabaki nyuma, na mchanga ukafunguka mweupe, na juu yake kuhe wawili wakubwa wanazunguka kiota chao.

Nyuma yangu mdogo wangu akauliza, "Kaka, sasa wapi?"